Shoga, Nimechagua Lile Jepesi

Malindi,
12 Oktoba 2025

Kwako shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti la mama mkwe wako limepungua maumivu. Sisi huku alhamdulillah. Kusi limetulia, na mipapai ya nyuma ya nyumba imewiva yote kwa pamoja hata hatujui tumpe nani.

Siku ile kwenye simu uliniuliza, "Zuhura, pesa za chama za kununulia gari umeshapokea, Toyota Mark X zimejaa mjini, zina nguvu na starehe, sasa wahangaika nini miezi sita yote hii?" Nikajaribu kukujibu, mara tuktuk, mara mtandao, mara salio likakatika. Nimeona nikuandikie, maana jibu lake si la dakika mbili.

Naanza na jambo unalolijua kuliko mimi. Wakumbuka yale mashindano ya mashua uliponiita Lamu, tukasimama ufuoni na miavuli? Ile mashua ya kina shemeji ilikuwa ndogo kuliko tatu zilizokuwa mbele yake. Lakini walikuwa wamepunguza farumi, ule uzito wa chini, mpaka mwisho, vijana wamekaa ubaoni nje ya mashua kuiweka sawa dhidi ya upepo, na nahodha akigusa usukani kidogo tu, omo, ile pua ya mbele, inageuka. Zile kubwa zilikuwa zikifika pale pa kugeukia zinazunguka kama ng'ombe aliyevutwa kamba. Uliniambia, "Tazama, hii yamsikia nahodha." Neno hilo sijalisahau. Mimi nataka gari linalonisikia.

Baba ndiye aliyenitia ugonjwa huu. Wajua aliendesha lori la chumvi kutoka Gongoni miaka mingi, na nyumbani tulikuwa na ile pikapu ya Peugeot 504 ambayo gia yake ilikuwa ubavuni mwa usukani. Nilijifunzia humo, kwenye njia ya mchanga, nikiwa na miaka kumi na sita. Hakunifundisha kukimbia. Alinifundisha kusikiliza injini mpaka nijue wakati wa kubadilisha gia bila kutazama dashibodi, na kuweka breki kabla ya kona, si ndani ya kona. Jioni alikuwa akinisimulia Safari Rally, na hadithi yake kubwa ilikuwa ya Joginder Singh, dereva wetu wa Kenya. Mwaka 1974 Joginder alishinda na Mitsubishi Lancer ya injini ya 1600, na aliyemfuata nyuma alikuwa Björn Waldegård na Porsche 911. Baba akifika hapo hunyamaza kidogo, kisha asema, "Kigari kile, Zuhura. Kigari kile."

Basi hesabu yangu ni hii. Nina milioni mbili na laki sita, na humo humo lazima itoke bima, tairi na akiba ya fundi. Gari la duka, la kilomita sifuri, halipo kwenye pesa hizo kama nataka gari la kuendesha kwa raha, kwa hiyo jipya langu ni lililotumika Japani, lisilowahi kukanyaga Kenya. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, ndiyo kusema mwaka huu wa 2025 lazima liwe la 2018 kuja juu. Na pale bandarini, KRA, watu wa ushuru, hawaangalii wewe umelipata mnadani kwa yeni ngapi. Wana orodha yao ya bei ya kila gari likiwa jipya, wanaipunguza kulingana na umri, halafu juu yake waja ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16, na ada nyingine. Ushuru wa bidhaa wafuata ukubwa wa injini: ikivuka 1500 cc, kiwango chapanda. Nilipolielewa hilo nikaanza kuona kwamba ule mstari wa 1500 ndio mlango wangu.

Sasa Mark X. Sikatai, ni gari zuri. Ile ya V6 ya lita 2.5 ina nguvu farasi 203 na yasukumwa na magurudumu ya nyuma. Lakini yakaribia uzito wa tani moja na nusu, gia zake ni otomatiki, na nguvu zote hizo nitazitumia wapi? Kutoka hapa mpaka Mombasa kuna kilomita kama 120 za bodaboda zisizo na taa, watoto wa shule, mbuzi, na malori yaliyojaa. Mtu mwenye akili haendi mbio njia ile. Gari la nguvu nyingi likienda kilomita 70 kwa saa limelala tu, na wewe nawe walala. Jepesi likienda 70 mkono wako unafanya kazi, mguu unafanya kazi, unaisikia lami chini ya kiti. Raha ile naitaka kila siku, nikienda kazini, nikienda sokoni, bila kumhatarisha mtoto wa mtu.

Toyota 86 niliitamani tangu ilipotoka 2012. Lita 2, farasi 200 na ushei, injini ya boksa, ile ya silinda zilizolala ubavu, waliyoshirikiana na Subaru. Lakini viti vyake vya nyuma ni vya mkoba, na nikijumlisha ushuru, pesa zangu zinakwisha kabla gari halijatoka bandarini. Mazda Roadster vilevile: tani moja tu, gia tamu kuliko zote nilizowahi kushika, lakini ni ya watu wawili, na mimi nina mama wa kumpeleka kliniki na wale watoto wa marehemu kaka. Hizo mbili niliziaga kwa uchungu.

Zikabaki Honda Fit RS na Suzuki Swift Sport, na hapo ndipo miezi minne kati ya ile sita ilipopotelea.

Fit RS ya kizazi cha tatu ina injini ya 1496 cc isiyo na turbo, farasi 132, gia sita za mkono. Ya binamu yangu niliiendesha wiki nzima. Injini yake yapenda kuzungushwa, ukiiachia mpaka juu inaimba, na viti vya nyuma vinakunjwa mpaka waweza kupakia baiskeli imesimama. Kwa bei yake sijui kitu kinachoishinda. Lakini umekaa juu kama uko kwenye stuli, na usukani ni mwepesi mno, hauniambii magurudumu yanafanya nini. Wiki nzima nilikuwa naisubiri inisemeshe.

Halafu daktari mmoja wa Watamu, mtu mwema sana, akaniachia Swift Sport yake asubuhi moja. Ile ya mwili uliotoka 2017: injini ya 1371 cc yenye turbo, farasi 140, gia sita za mkono. Uzito wake, shoga, ni kilo 970! Haifiki tani. Nikaingia barabara kuu pale Gede, nikashika njia ya Kilifi, msitu wa Arabuko-Sokoke mkono wangu wa kulia. Saa kumi na mbili na nusu, njia tupu, umande bado juu ya lami. Turbo yake haingoji. Sindano ya mizunguko ya injini ikifika 2500 msukumo umeshajaa wote, wala huhitaji kuikamua. Karibu na Matsangoni nikamwona mbuzi mmoja kando ya barabara, na wajua mbuzi mmoja maana yake wako watano. Nikagusa breki, nikakanyaga klachi, nikaipa injini pigo dogo la mafuta kwa mguu wa kulia ili ipande, nikaitia gia ya tatu. Ikaingia bila hata kushtuka, kama ufunguo wa mlango wa nyumbani. Wakatoka wale wanne waliobaki, wakavuka kwa nafasi zao. Nami nikakata upande mara moja, nikarudi, na gari halikuyumba, halikulala upande. Mikono yangu ilisogea labda inchi mbili. Nikajikuta nacheka peke yangu ndani ya gari. Nikakumbuka omo ya mashua ya kina shemeji.

Basi nilikuwa nimeshaamua. Lakini kuamua ni kitu kimoja, kulipata lililo zima ni kingine, na hili lazima nikusimulie kwa sababu liliniuma.

Mwezi wa nane nilipata habari ya Swift Sport nyeupe kwenye yadi moja Mombasa, tayari imeshalipiwa ushuru, bei imo ndani ya mfuko wangu. Nikamchukua baba. Kijana wa yadi akatupokea vizuri, akawasha injini, ikanguruma vizuri. Rangi yang'aa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuitafutia mahali pa kuegesha. Baba hakusema kitu. Akatandika gazeti chini, na magoti yake yale, akalala ubavu akaingiza kichwa chini ya gari na tochi ya simu. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniomba ufunguo wa nyumba. Akaupitisha kwenye mshono chini ya mlango, polepole tu, bila nguvu, na ile rangi nyeusi mpya ikatoka kama ganda la kitunguu. Ndani yake kutu, tabaka juu ya tabaka, ya kahawia, inavunjika kwa kidole. Akanitia vipande vyake kiganjani. "Hii imetoka kwenye theluji," akasema. "Huko wanamwaga chumvi barabarani. Mimi nimeishi na chumvi, naijua kazi yake."

Nikaomba karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi inayotoka Japani. Mara iko ofisini, mara iko kwa wakala, mwisho ikaletwa kwenye simu. Imeandikwa R, yaani gari lililowahi kugongwa likatengenezwa, na kwenye ule mchoro wa bodi ubavu wote wa nyuma kushoto umejaa W, alama ya mahali palipopigwa putti na kunyooshwa, na chini yake S, ambayo ni kutu. Wakati wote ule walikuwa wanaijua. Walitaka milioni mbili na nusu za chama cha wanawake kumi na wawili kwa gari ambalo, kwa hewa yetu hii ya bahari, lingeoza chini kabla sijalizoea. Njia nzima ya kurudi sikuzungumza. Tulipofika daraja la Kilifi baba akaninunulia korosho, kama zamani.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuzisoma zile karatasi mwenyewe. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, hizo hazinitishi. W naiangalia mara mbili. S na C, kutu na kulika, sitaki hata kuziona. Nauliza gari lilikuwa linatumika mkoa gani, na likitoka Hokkaido, kule kwenye theluji, nasema ahsante, hata liwe zuri namna gani. Nikilipata, litaoshwa chini kwa maji ya kisima, yasiyo ya chumvi, kila wiki, na kupakwa nta maalumu ya kuzuia kutu kabla halijaziona mvua za masika.

Kuna mambo mawili yanayonipa wasiwasi, na sitakuficha. Liko chini: kutoka ardhini mpaka tumboni ni milimita 120, na matuta yetu hayakujengwa kwa kipimo. Nitayapita kwa mshazari, taratibu, ndiyo maisha. La pili ni tairi. Yanakuja na 195/45 za rimu 17, ukuta wa tairi haufiki sentimita tisa, shimo moja tu na rimu imepinda. Fundi wangu asema nitie rimu 16 na tairi za 185/55, saizi ile ile ya Swift za kawaida. Kimo cha gurudumu ni karibu kile kile, lakini ukuta waongezeka zaidi ya sentimita moja, na tairi zake zapatikana kwa urahisi. Nimeshaiweka pesa hiyo kando. Pia huko Japani wanapendekeza petroli ya oktani ya juu kwa injini hii, kwa hiyo nitakuwa natia ile ya bei juu. Hilo nalo nimelihesabu.

Sasa nahitaji jicho lako. Wakala ameniletea mawili, yote ya 2019, yote gia za mkono, karatasi safi. Moja ni jeupe, kilomita elfu 61. La pili ni lile la njano kali ambalo Suzuki wanalipaka hasa magari yao ya Sport, kilomita elfu 48, lina A mbili tu kwenye bampa, na bei imezidi kwa elfu themanini. Mama ataka jeupe, asema njano ni ya harusi. Baba ameiangalia karatasi ya lile la njano kwa miwani, akaikunja akaiweka mfuko wa kanzu, na mpaka leo hajanirudishia.

Malipo ya kwanza ni Jumatatu ya wiki ijayo. Nimekutia picha zote mbili ndani ya bahasha. Zitazame na shemeji, uniambie. Na likifika, panda basi mapema, nitakungoja stendi, twende Mambrui asubuhi kabla jua halijawa kali. Utakaa mbele.

Wasalimie wote. Mpe mama mkwe hiyo dawa ya kuchua, asipake usiku akalala na feni.

Ni mimi shoga yako,
Zuhura