Anayesema watengeneza programu hawapatikani atuambie analipa ngapi

Bwana Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lenu la Ijumaa habari ya mkurugenzi anayesema kampuni yake ingependa kukua hapa Lubumbashi, ila watengeneza programu wenye ujuzi hawapatikani. Mwandishi wenu aliyaandika hayo akafunga daftari. Hata mshahara hakuuliza.

Mimi si mtu wa ordinatere, yaani kompyuta. Nilikuwa fundi wa umeme migodini, kisha nikafundisha vijana kiwandani mpaka nikastaafu. Lakini kilio hiki cha kukosa watu nakijua, maana hapa Katanga ni cha zamani kuliko mimi. Union Minière, kampuni ya migodi iliyoanzishwa mwaka 1906, ililia hivyohivyo miaka yake ya mwanzo. Watu waliletwa kutoka mbali, wengine Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), kwa mikataba mifupi. Wakaugua, wakafa, wakarudi kwao, na kilio kikaanza upya. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadili njia: mkataba wa miaka mitatu, mke na watoto waje, nyumba, hospitali, shule. Haikufanya hivyo kwa upendo, na wazee wetu wanajua walivyobanwa ndani ya hizo kambi. Ila watu walipatikana, na watoto wao wakawa mafundi.

Huko Marekani nako kilio kina tarehe zake. Machi 2008 Bill Gates, mwanzilishi wa kampuni ya Microsoft, alikwenda mbele ya wabunge mjini Washington kuomba viza zaidi za H-1B za wafanyakazi wa kigeni, kwa sababu wataalamu hawatoshi. Viza hizo zina kikomo cha 65,000 kwa mwaka, na nyingine 20,000 kwa waliopata shahada ya pili au zaidi hukohuko. Januari 2009 Microsoft ikatangaza kupunguza kazi 5,000. Najua, mgogoro wa fedha ulikuwa umeikumba dunia nzima, hilo siwahesabii. Lililonishinda kumeza ni jingine. Miaka hiyohiyo kampuni kubwa, zikiwemo Apple, Google, Intel na Adobe, zilikuwa na mapatano ya siri ya kutonyatia wafanyakazi wa wenzao. Serikali ya Marekani iliyafikisha mahakamani mwaka 2010, na mwaka 2015 hizo nne nilizozitaja zikamaliza kesi ya wafanyakazi kwa dola milioni 415, bila kukiri kosa. Sasa mtu aliyekosa fundi kweli anaahidi vipi kutomgusa fundi wa jirani? Si anapandisha mshahara amchukue?

Nirudi kwetu. Mjukuu wangu wa kike amemaliza masomo ya enformatiki. Niseme ukweli wote: mitihani yake mingi ya programu aliiandika kwenye karatasi, kwa biki. Umeme ukikatika anangoja usiku achaji ordinatere, na mega za intaneti ananunua kwa pesa ya mkate. Mtoto wa namna hiyo huwezi kumwachia mfumo wa benki siku ya kwanza. Mkurugenzi akisema mafundi waliokomaa, wale unaowaamsha saa nane usiku malipo ya simu yamekwama nao wakajua pa kushika, ni wachache, namkubalia kabisa.

Lakini huo ukomavu utoke wapi? Tangazo la kazi alilonionyesha mjukuu wangu lilitaka uzoefu wa miaka mitano, umri usiozidi miaka 28, Kifaransa, Kiingereza, na Kichina kikiwepo ni vizuri zaidi. Alipoitwa, wakamuuliza kama anaweza kuandika programu, kuvuta nyaya za mtandao, kutengeneza printa na kuweka picha za kampuni kwenye Facebook. Watu wanne hao, kwa mshahara wa mmoja! Na huyo mmoja, miezi sita ya kwanza ni staji, yaani kujifunza kazini, bila malipo, taksi-basi ajilipie. Alikataa. Nadhani naye sasa anahesabiwa kati ya wale wasiopatikana. Mimi nikiingia soko la Kenya hapa Lubumbashi na pesa ya samaki mmoja nikataka watatu, mama muuzaji atanicheka. Sitatoka pale nikitangaza kwamba ziwa Mweru limekauka.

Vijana walioletwa kwangu kiwandani, wengi hawakujua waya wa fazi ni upi. Kila mmoja alitembea nyuma ya fundi mkubwa, akibeba sanduku la vifaa, akiuliza, akikemewa, na mwisho wa mwezi alipata mshahara. Mdogo, lakini mshahara. Kwa mjukuu wangu aliyefanya hivyo ni mwenye duka la dawa hapa Katuba. Alimkalisha nyuma ya kaunta, akamwonyesha dawa zinavyoingia na kutoka na zinavyopitwa na tarehe, akampigia kelele kwa kila kosa, na akamlipa kidogokidogo mpaka programu ikakamilika. Inafanya kazi hadi leo. Mwenye duka la dawa ameweza, kampuni yenye walinzi mlangoni na magari ya vioo vyeusi haiwezi.

Nasikia pia siku hizi wanasema mashine zitaandika programu zenyewe. Mkuu wa Google alisema Oktoba 2024 kwamba zaidi ya robo ya kodi mpya (code, yaani maandishi ya programu) ya kampuni yake inatungwa na mashine, kisha wahandisi wanaikagua. Sawa. Wanaoanza wakifungiwa mlango kwa sababu hiyo, hao wakaguzi wa miaka kumi ijayo watazaliwa na nani?

Kwa hiyo mwandishi wenu akirudi kwa yule mkurugenzi, amuulize mwaka jana alichukua vijana wangapi wanaoanza, aliwalipa ngapi, na ni nani kazini aliyekaa nao kuwafundisha. Akijibu, chapisheni jibu lake ukurasa uleule. Mimi nina vijana watano mtaani kwangu wa kumpelekea, ukiacha mjukuu wangu.

Fundi mstaafu wa umeme,
Komini ya Katuba, Lubumbashi