Taa za makopo: barua kwa Baba, Ujiji

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na giza la mwezi huu limeleta dagaa wa kutosha. Mimi mzima, kazi inakwenda.

Nimefika Orkney, visiwa vya kaskazini mwa Scotland, na nimeona kazi ambayo ni wewe hasa wa kusimuliwa. Kwenye kisiwa kidogo cha Lamb Holm kuna kanisa lililojengwa na mateka wa Kiitaliano. Walikamatwa vitani Afrika Kaskazini, wakaletwa huku mwaka 1942 kumwaga zege na kuziba njia za bahari, kwa kuwa mwaka 1939 nyambizi ya Wajerumani ilipenya humo ikazamisha Royal Oak, manowari ya Waingereza, wakafa watu zaidi ya 800.

Mateka waliomba mahali pa kusali. Wakapewa mabanda mawili ya bati, yale ya mgongo wa duara, wakayaunganisha. Ndani ungesimama kimya, Baba. Kuta ni mbao za jasi tu, lakini Domenico Chiocchetti alizipaka rangi hata ukaapa ni matofali na mawe ya kuchonga, nilitamani kugusa. Bikira Maria wa altareni alimchora kwa kutazama kikadi cha sala alichopewa na mama yake, alichotembea nacho muda wote wa vita. Beseni la ubatizo ni bomba la moshi la gari lililovikwa zege.

Na taa! Zimetengenezwa kwa makopo ya nyama waliyokula kambini. Nilikaa chini yake mpaka wenzangu wakaniita. Watu wanavuka bahari kuja kuzitazama, na pale sokoni Mwanga mtu anabishana nawe bei ya koroboi uliyoikata na kuilehemu kwa mkono wako. Kazi yako ni sanaa, Baba. Nimetaka ulisikie hilo kutoka kwangu.

Wenzake walipoondolewa kisiwani mwaka 1944, Chiocchetti alibaki amalizie beseni. Mwaka 1960 alirudi kutoka Italia kulikarabati kanisa lake.

Sasa kila nyumba ina taa ya sola, najua wateja wamepungua. Tafadhali usiuze mkasi wa bati wala kifaa cha kulehemu. Mfundishe Juma, hata Jumapili tu. Nami nitengenezee koroboi moja ya kopo la maziwa. Mtoto wa Mama Zena anasafiri huku Desemba, atanibebea.

Msalimie Bibi na majirani wote.

Binti yako,
Mwajuma