Barua kwa mwanangu Zai: hiyo njaa sio ulafi

Marahaba mwanangu, sisi huku Tanga wazima, baba yako ametoka kwenda msikitini nikasema ngoja nikae na hii simu nikuandikie vizuri maana ile voisi noti yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu na usingizi sijaupata. Unasema unataka upungue gauni la harusi ya dada yako likukae, unaamka saa 11 alfajiri unakimbia kilomita 10, unashinda na chai kavu, unakula jioni tu, halafu usiku wa manane unajikuta umemaliza mkate mzima na siagi huku unalia, unajiita mlafi. Na mwishoni kabisa kama kitu cha kupita tu ndo unaniambia siku zako mwezi wa pili huu hujaziona. Zai! Hiyo ndo ilitakiwa iwe ya kwanza. Kama kuna lingine niambie, mi mama yako sikuli, pita famasi ununue kipimo upime. Kama hakuna basi nisikilize, miaka 31 ya unesi sikuwa nahesabu vitanda tu.

Umesema ukitoka kukimbia hamu ya kula huna kabisa, hata ukipita kwa mama maandazi unaona kinyaa, ukaona basi mazoezi yanakata njaa. Yanakata kweli ila kwa muda. Tumboni kuna homoni inaitwa grelini, Wajapani waliigundua 1999, kazi yake kupiga hodi kwenye ubongo kwamba leteni chakula, inapanda kabla hujala inashuka ukishakula. Ukikimbia kwa nguvu inashuka kwa muda, na utumbo nao unatoa homoni zingine za kusema tumeshiba, mojawapo GLP-1, hiyo hiyo inayoigizwa na hizi sindano za kupunguza mwili mnazosimuliana huko mitandaoni. Saa moja au mbili hivi imeisha, deni liko palepale. Wewe hulilipi asubuhi, hulilipi mchana, sasa unashangaa nini likija kudaiwa saa 7 usiku?

Na mafuta ya mwilini usiyaone kama gunia la mchele limekaa stoo limenyamaza. Yanaongea bwana. Mwaka 1994 huko New York kina Jeffrey Friedman waligundua homoni inayotengenezwa na mafuta yenyewe, leptini, inazunguka kwenye damu inaupa ubongo taarifa kwamba akiba ipo. Waliifikia kupitia panya wanene ajabu waliokuwa hawana leptini kabisa, panya anakula anakula haachi kwa sababu ubongo wake unaamini stoo tupu. Watu wakadhani mwarobaini wa unene umepatikana, kumbe wapi, mtu mnene leptini anayo tele ila ubongo wake hauisikii, kama anayekaa jirani na mashine ya kusaga, kelele kashazizoea.

Kwako wewe shida ni ya upande wa pili. Ukijinyima chakula leptini inaporomoka ndani ya siku chache tu, mafuta yenyewe bado hata hayajapungua cha maana. Ubongo unajua nini kuhusu harusi ya dada yako? Unachojua ni kwamba njaa imeingia mjini, basi unaanza kubana matumizi, unasikia baridi, unachoka, chakula unakiota, na duka la kwanza kufungwa ni la uzazi maana mwili hauwezi kubeba mimba kwenye ukame. Ndo siku zako hizo. Sio maneno ya wodini haya, Boston 2004 walichukua wanawake 8 waliokatika hedhi kwa mazoezi makali au wembamba wakawapa leptini ya sindano, baadhi yao mayai yakaanza tena kupevuka. Tatizo lilikuwa taarifa ya akiba tu. Na hedhi ikikatika muda mrefu hivyo mifupa inapoteza nguvu, we bado mdogo hiyo mifupa unaihitaji.

Mi mwenyewe usidhani najifanya mjuaji. Nilipofika miaka 45 daktari aliniambia nipunguze, nikaanza kutembea asubuhi mpaka Raskazone na kurudi, na kila siku nikirudi napita kwenye supu na chapati mbili, najiambia si nimejitahidi. Miezi mitatu nikaongezeka kilo mbili, baba yako alicheka mpaka leo hajamaliza. Mwendo ule wote chapati zilikuwa zinaulipa na chenji inabaki.

Halafu kuna hili la Wahadzabe wetu hapa Ziwa Eyasi. Mtafiti mmoja Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu wanayotumia kwa siku, wanaume wanatembea karibu kilomita 11, wanawake karibu 6, wakaja kukuta, 2012 hiyo, ukizingatia ukubwa wa mwili jumla haizidi ya Mmarekani anayekaa ofisini! Mwili unabana huku unafidia kule. Kwa hiyo kilomita 10 hazifuti chakula kama kifutio ubaoni, acha kuzipigia hesabu hivyo.

Usiache mazoezi lakini, sijasema hivyo. Msuli unaofanya kazi unavuta sukari kwenye damu hata insulini, ile homoni ya kushusha sukari, ikiwa kidogo, mafuta ya ndani ya tumbo yale yanayozunguka ini yanapungua hata mizani ikigoma kusogea, na mimi nikikumbuka mguu wa shangazi yako ulivyokatwa kwa sukari hilo linanitosha. Mizani haioni hayo yote, we mpe mtu mwingine.

Sasa fanya hivi. Wiki hii pumzika kukimbia, tembea tu na wenzako jioni. Asubuhi kunywa uji na kitu cha kushika tumbo, yai au karanga, mchana ule wali maharage kama watu. Jumatatu nenda kituo cha afya waambie miezi miwili hujaona siku, usiwafiche kwamba ulikuwa unajinyima, wakupime na damu. Ukitoka nipigie, hata nikiwa sokoni.

Nimekurushia elfu 40, ni ya chakula sio ya jim. Na fundi nimeshamwambia gauni aache sentimita 3 kila ubavu za kuachia, kasema kitambaa kipo cha kutosha.

Mama yako