Aliyeumia kichwa awekewe utaratibu darasani pia

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na ninaomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mtikisiko wa ubongo, jeraha linalompata mwanafunzi anapogongana vichwa na mwenzake mchezoni au anapoanguka ngazini, na ambalo shule nyingi hulihesabu kuwa limekwisha pale tu anapoinuka na kujifuta vumbi.

Kwa upande wa michezo, angalau kanuni inafahamika: anayeshukiwa kuumia hutolewa mara moja, na siku hiyo harudi hata akisema yu mzima. Jimbo la Washington nchini Marekani lilitunga sheria kuhusu jambo hilo mwaka 2009, baada ya kijana Zackery Lystedt kurudi uwanjani akiwa ameumia kichwa na kubaki na ulemavu mkubwa. Ontario, Kanada, ilifuata mwaka 2018 kwa sheria yenye jina la Rowan, kwa kumkumbuka Rowan Stringer, msichana wa miaka 17 aliyefariki mwaka 2013 baada ya kuumia kichwa zaidi ya mara moja katika raga.

Lakini mtoto huyo huyo akirudi darasani, ni nani anayemfuatilia? Hana bandeji, na huenda hata hakuzirai, kwa kuwa wengi wanaopata mtikisiko hawapotezi fahamu. Picha ya CT, yaani ile ya ndani ya kichwa inayopigwa hospitalini kwa eksirei, nayo yaweza kutoka safi, maana huonyesha damu iliyovuja au mfupa uliovunjika, si hitilafu katika utendaji wa ubongo. Mtazame anaponakili kutoka ubaoni: anainua macho, anayarudisha daftarini, anapoteza mstari, anaanza tena, na muda si mrefu ameegemeza paji la uso kiganjani huku sentensi ya kwanza ameiandika mara mbili. Mwalimu asiye na habari atasema ni uvivu, na kusema kweli simlaumu, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Wapo pia wazazi wanaokosea kwa upande wa pili, wakimfungia mtoto katika chumba chenye giza kwa majuma kadhaa kwa nia njema kabisa. Wataalamu wa mtikisiko wa ubongo michezoni waliokutana Amsterdam, Uholanzi, mwaka 2022 walipendekeza mapumziko ya kiasi kwa saa 24 hadi 48, huku matumizi ya simu na kompyuta yakipunguzwa, kisha shughuli nyepesi zirejeshwe kidogo kidogo. Hata hivyo, akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akizidi kusinzia au maumivu ya kichwa yakizidi kupanda, hilo si la kusubiri kesho, apelekwe hospitali.

Ninachopendekeza ni kwamba kila shule imteue mwalimu mmoja wa kupokea taarifa ya daktari na kuifikisha kwa walimu wote wa mwanafunzi husika. Aanze kwa saa chache za masomo, apewe maelezo yaliyochapishwa badala ya kunakili, aruhusiwe kutoka kelele zinapomzidi, na asirudi kwenye michezo ya kugongana kabla hajamudu siku nzima ya masomo bila dalili na kuruhusiwa na daktari. Wengi hupona ndani ya wiki nne. Anayepita hapo anahitaji kuonwa tena na daktari. Nao madaktari watusaidie, kwani karatasi iliyoandikwa "apumzike" bila neno jingine haimwambii mwalimu lolote kuhusu hesabu ya asubuhi.

Ubishi mkubwa, najua, utakuwa juu ya mitihani. Kwa maoni yangu iahirishwe, kwa sababu alama za mtoto anayeona maandishi yakicheza hazipimi alichojifunza. Ningefurahi kusoma katika ukurasa huu jinsi walimu wakuu ambao wamekwisha kuahirisha walivyopanga mitihani hiyo baadaye bila kumrundikia mwanafunzi yote kwa wiki moja.

Mwalimu wa sekondari