Nani Anazifupisha? Barua kwa Walimu Vijana wa Biolojia

Wanangu walimu wa biolojia mlio Kisumu, Nyando, Seme na Muhoroni,

Hamjambo? Mimi sijambo, isipokuwa goti, na goti langu limekataa kila kitu ila kukaa. Nikikaa ndipo makosa ya zamani yanapokuja kunisalimia. Leo nawaandikia kuhusu moja. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Darasani tunafundisha kwa Kiingereza, na huko mwalimu hupata mahali pa kujificha nyuma ya istilahi. Jaribu kumweleza nyanya yako somo hilohilo jioni, utajua mara moja kama uliwahi kulielewa.

Kwa zaidi ya miaka 30 niliandika ubaoni maneno yaleyale kuhusu seli inavyogawanyika: kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, hufupika na kunenepa, hujipanga katikati ya seli, kisha hutengana. Wanafunzi walinakili, wakapita mtihani. Siku moja binti wa kidato cha nne aliinua mkono: "Mwalimu, nani anazifupisha?" Nikamwambia hilo halitahiniwi. Darasa likacheka, naye akaketi. Hakuinua mkono tena muhula ule. Swali lake lilikuwa zuri kuliko somo langu, na mimi nililizima kwa sababu sikuwa na jibu.

Basi nimjibu leo, kupitia ninyi.

Seli ya mwili wa binadamu ina DNA, uzi wa urithi, ya takriban mita 2, iliyogawanyika katika kromosomu 46, na yote hiyo imo ndani ya kiini chenye upana wa kama sehemu ya mia ya milimita. Fanyeni hesabu mbele ya watoto: kiini kikiwa chungwa la sentimita 7, uzi utakuwa wa kilomita 14. Ukiutandaza kutoka mjini utakuwa umefika mbali kwenye barabara ya Ahero. Uzi huo kwanza huzungushwa kwenye histoni, protini nane kwa kila fungu, kama uzi kwenye bobini ya cherehani, mizunguko isiyotimia miwili. Hilo mnalifundisha tayari. Lakini bobini peke yake haitoshi seli inapotaka kugawanyika.

Twendeni ufuo wa wavuvi wa Dunga alfajiri. Mvuvi aliyerudi ziwani hafinyangi wavu wake kama nguo chafu. Anashika mahali, anavuta, kitanzi kinalala juu ya kitanzi, hadi wavu mrefu unakuwa fungu la kubeba begani. Protini iitwayo kondensini inafanya kazi ya mvuvi huyo. Ina umbo la pete. Inaushika uzi na kuuvuta upite ndani yake, kitanzi kinakua, huku ikitumia ATP, nishati ya seli, kama kibarua anavyotumia uji. Tatsuya Hirano na wenzake waliieleza mwaka 1997 wakitumia mayai ya chura wa Afrika aitwaye Xenopus. Mwaka 2018 watafiti wa Delft, Uholanzi, waliitazama kwa hadubini kondensini moja ikivuta kitanzi machoni pao. Ziko aina mbili. Moja imo ndani ya kiini tangu mapema. Nyingine husubiri utando wa kiini uvunjike, ndipo iingie na kukunja vitanzi vidogo ndani ya vile vikubwa. Binti yangu, huyo ndiye anayezifupisha.

Na mafundo je? Uzi wa urefu ule hauwezi kukosa mafundo. Protini nyingine, topoisomerasi, hukata uzi mmoja, hupitisha mwingine kwenye pengo, halafu huunga palepale. Nimeishi na wavuvi maisha yangu yote na sijaona fundi wa nyavu wa kiwango hicho.

Nakala mbili za kila kromosomu hushikanishwa na pete nyingine, kohesini, tangu DNA inaponakiliwa. Kuna mkasi wa kuikata, separasi, lakini mkasi huo hufungiwa mpaka kila kromosomu ishikwe na nyuzi za kuivuta kutoka pande zote mbili za seli. Ni kama matatu stendi: kiti kimoja kikiwa kitupu, gari haling'oki. Tofauti ni kwamba hapa hakuna makanga wa kukudanganya kwamba amebakisha mmoja.

Kizuizi hicho ndicho kinachotumiwa na dawa ambayo wengi wenu mna mmea wake mlangoni bila kujua. Ni lile ua dogo la waridi au jeupe lenye petali tano, asili yake Madagaska. Humo ndimo ilimotolewa vinkristini. Dawa hiyo huvuruga zile nyuzi za kuvuta kromosomu, hivyo seli ya saratani inakwama katikati ya kugawanyika na mara nyingi inakufa. Hutibiwa nayo ule uvimbe wa taya wa watoto ambao daktari Denis Burkitt aliueleza akiwa Kampala mwaka 1958, na ambao sisi wa kando ya ziwa tunaujua vizuri mno. Nao wenyewe huanza na kosa la kromosomu: kipande cha namba 8 kuhamia, mara nyingi, kwenye namba 14. (Msiwaruhusu watoto kutafuna maua hayo. Yana sumu.)

Jambo la mwisho nalisema taratibu. Mkifika kwenye kromosomu 21 iliyozidi, yaani hali ya Down, kumbukeni kuwa huenda darasani yupo dada au kaka wa mtoto wa namna hiyo, na nyumbani kwao mama ameambiwa ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Mwelezeni hivi: seli za mayai za mwanamke huanza kujigawa kabla yeye mwenyewe hajazaliwa, kisha husimama na kusubiri miaka mingi, huku kohesini ya zamani ikishikilia. Watafiti wanaona kulegea kwa pete hizo ni sababu mojawapo ya hatari kupanda kadiri umri wa mama unavyosonga. Hakuna mwiko aliouvunja. Nimewahi kuyasema haya kwenye matanga, na mama mmoja akanifuata hadi barabarani aniombe niyarudie mbele ya mkwe wake. Nikarudi nikayarudia.

Mkiandaa jaribio la mzizi wa kitunguu, chukueni vitunguu vya soko la Kibuye visivyokauka sana, mviweke juu ya maji siku mbili tatu. Kabla ya hadubini, mpe kila jozi ya wanafunzi uzi wa wavu, waukunje kwa vitanzi, mmoja ashike, mwingine avute. Uzi msinunue. Dunga watawapa vipande vilivyochakaa bure, mkienda kabla ya saa mbili asubuhi.

Mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu, Kisumu