Kwa Salome: The Da Vinci Code isomwe na penseli mkononi

Mpendwa Salome,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani. Umeniambia umepata nakala ya Kiingereza ya The Da Vinci Code, riwaya ya Dan Brown iliyotoka 2003, na unauliza uianzeje. Andaa penseli, daftari, kioo kidogo cha mkononi na Biblia yako. Siri ya mwisho sitaigusa.

Jua kwanza kinachokukimbiza. Kitabu kina sura 105, nyingi za kurasa chache tu, na karibu kisa chote kinatokea ndani ya siku moja hivi. Mwandishi anasuka nyuzi tatu: Profesa Langdon na Sophie wanaokimbia, mtawa Silas anayewinda, na polisi Fache anayewafuata. Kila uzi ukifika patamu anaukata na kurukia mwingine. Taharuki hiyo ni kazi ya ufundi, ifurahie. Ila ina gharama: macho yanaanza kuruka mistari, na fumbo linapita pamoja na jibu lake kabla hujalishika. Kwa hiyo fumbo likitokea, linakili kwenye daftari na ufunge kitabu. Likikushinda kwa nusu saa, endelea kusoma.

La kwanza liko sakafuni mwa jumba la makumbusho la Louvre, Paris: nambari 13-3-2-21-1-1-8-5, kisha mistari miwili ya maneno ya ajabu. Nambari zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, halafu jumlisha kila mbili zinazofuatana uone unapata nini. Mpangilio huo usiufute, utauhitaji mbele. Maneno nayo usiyatafutie maana. Ondoa alama zote uhesabu herufi: mstari wa kwanza una 15, wa pili 11. Ziandike kwa duara, kwa sababu zikikaa kwenye mstari jicho linang'ang'ania neno lile lile la mwanzo. Tenga irabu na konsonanti, na kila herufi unayoitumia ikate. Wengi hukwama hapa kwa kutumia herufi moja mara mbili bila kujua. Kabla hujaanza, jizoeze kwa Kiswahili: chukua KANISA, zungusha herufi zake mpaka upate jina la SAKINA. Ukilipata hilo, mkono umeshazoea.

Mbele utakutana na Atbash, msimbo wa kale wa Kiebrania: herufi ya kwanza inabadilishana na ya mwisho, ya pili na ya pili kutoka mwisho, hivyo hivyo hadi katikati. Kwa herufi zetu, andika A hadi M kwenye mstari mmoja, na chini yake Z kurudi nyuma hadi N. Kila herufi inasimama juu au chini ya mwenzake. SIRI inakuwa HRIR. Fungua Yeremia 51:41 uone ulivyo wa kweli: Sheshaki na Babeli vimo katika aya moja, na ni mji mmoja. Kiebrania cha kale huandikwa konsonanti bila irabu, kwa hiyo B-B-L inageuka SH-SH-K. Ukisahau jambo hilo la irabu, fumbo la Atbash ndani ya riwaya halitakutoka, hata ukeshe nalo.

Kioo ni kwa ajili ya ukurasa mmoja ambao maandishi yake yataonekana kama lugha usiyoijua. Leonardo da Vinci mwenyewe, mchoraji aliyetajwa katika jina la kitabu, alijaza madaftari yake kwa maandishi ya kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto.

Halafu kuna silinda ya mawe yenye magurudumu matano ya herufi, inayoitwa cryptex. Kifaa hicho ni cha kubuniwa na Brown, lakini hesabu yake inafaa kuifanya. Herufi 26 katika nafasi 5 zinatoa maneno 11,881,376. Ukijaribu moja kila sekunde 5 bila kulala, unahitaji karibu miaka 2. Ndiyo maana wahusika hawabahatishi, wanatafuta vidokezo. Sasa tazama lugha inavyosaidia mvunja msimbo: kama neno lingekuwa la Kiswahili, herufi ya mwisho ingekuwa karibu kila mara irabu, na hesabu ingeshuka hadi 2,284,880. Jambo moja lisikudanganye: riwaya inasema ukikivunja kwa nguvu, siki iliyofichwa ndani itayeyusha karatasi ya mafunjo yenye siri. Siki ingeilowesha na huenda ikaharibu wino, lakini haiyeyushi mafunjo papo hapo.

Hapa ndipo ninapotaka uwe macho zaidi, Salome, maana najua imani yako unaishika kwa dhati. Fumbo la herufi lina ushahidi ndani yake: zote 15 zikitumika bila kubaki hata moja na jina likatoka safi, umepata. Dai la historia haliko hivyo, linahitaji hati kutoka nje ya kitabu. Riwaya hii inakupa mafumbo kadhaa yanayofunguka sawasawa, na kwa furaha ile ile unameza madai yaliyopangwa katikati yake. Chora safu mbili daftarini: upande mmoja kitu kilichopo, upande wa pili maana ambayo wahusika wanakipa. Safu ya kwanza mara nyingi itasimama. Ya pili ndiyo inayoanguka.

Anza na ukurasa wa mbele kabisa, unaosema Priory of Sion, yaani Nyumba ya Watawa ya Sayuni, ni chama cha siri cha tangu 1099. Kilichopo ni chama kilichosajiliwa Ufaransa mwaka 1956 na Pierre Plantard. Hati zinazokipa ukale, pamoja na orodha ya wakuu wake yenye majina ya Leonardo na Newton, ziliwekwa katika Maktaba ya Taifa jijini Paris miaka ya 1960, na ni za kughushi. Nguzo hiyo ikianguka, sehemu kubwa ya njama inaanguka nayo, japo hadithi inabaki tamu.

Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu, ulifanyika 325 kweli, ukiitishwa na Konstantino, mtawala wa Roma. Lakini, tofauti na wanavyodai wahusika, haukuchagua vitabu vya Biblia, wala kura kuhusu uungu wa Yesu haikukaribiana: mjadala mkubwa ulikuwa mafundisho ya Ario, padri aliyesema Mwana si sawa na Baba, na maaskofu wawili tu ndio waliobaki upande wake na kukataa kabisa kutia sahihi tamko la imani. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo imo katika barua ya Askofu Athanasio wa Aleksandria ya mwaka 367. Hati za Bahari ya Chumvi, zilizoanza kupatikana 1947, ni za Kiyahudi na Yesu hatajwi humo. Injili ya Filipo, ambayo wahusika wanaitumia kama ushahidi, ilitoka Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, na imeandikwa kwa Kikopti, si Kiaramu. Sentensi yake maarufu, inayosema Yesu alikuwa akimbusu Maria Magdalena, ina tundu kwenye ukurasa. Neno la mwisho, la mahali pa busu, wataalamu wanalikisia tu.

Picha ya Karamu ya Mwisho iko Milano, ilichorwa kati ya 1495 na 1498. Leonardo hakupaka kwenye lipu mbichi kama ilivyokuwa desturi, alipaka kwenye ukuta mkavu ili apate muda wa kusahihisha, na rangi ikaanza kubanduka angali hai. Kwa hiyo mtu akikuonyesha alama ndogo ya siri humo, muulize kwanza kama ni rangi ya Leonardo au ya waliokarabati. Kijana asiye na ndevu karibu na Yesu, ambaye wahusika wanamwita Maria Magdalena, ni Yohane, na wachoraji wa Firenze walizoea kumchora hivyo. Vioo vya piramidi ya Louvre, ambavyo riwaya inavihesabu 666, kwa hesabu ya jumba lenyewe ni 673.

Ukimaliza yale ya sakafuni, niandikie majibu yako kwa Atbash, nami nitakurudishia kwa njia hiyo hiyo.

Rafiki yako,
Anita