Masharti ya mikopo ya elimu yajadiliwe kabla ya saini

Mhariri,

Kila sera mpya ya elimu inapozinduliwa, tunaambiwa imetokana na maoni ya wadau. Mdau mmoja huwa hatajwi: aliyeandika masharti ya mkopo.

Benki ya Dunia ilianza kukopesha elimu mwaka 1962, mkopo wa kwanza ukienda Tunisia. Miaka ya 1980, nchi nyingi za Afrika zilipolemewa na madeni, benki hiyo na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) zikazishauri zibane matumizi na wazazi wachangie gharama. Nasema "zikazishauri" kwa adabu tu, maana mwenye deni hana ubavu wa kukataa. Karo zikaingia au zikapanda, na watoto wa maskini wakabaki nyumbani. Mwaka 2005 benki ile ile, safari hii ikiwa na UNICEF, ikaanzisha mpango wa kuzisaidia nchi kufuta karo za shule za msingi. Uamuzi mzuri, sina ugomvi nao. Ila mtoto aliyekosa darasa la kwanza mwaka 1988 alikuwa tayari mtu mzima, na aliyelaumiwa miaka yote hiyo ni waziri, si mshauri.

Wala si lazima kuwe na deni ili shirika la nje lisukume sera ya elimu. Ujerumani haikuwa ikidaiwa na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, lakini matokeo ya kwanza ya PISA, mtihani wa shirika hilo kwa wanafunzi wenye miaka 15, yalipoiweka chini ya wastani mwaka 2001, nchi nzima ilitikisika. Miaka michache baadaye majimbo yake yalikuwa na viwango vya pamoja vya masomo. Tofauti ni kwamba Wajerumani walibishana hadharani, magazetini na mabungeni, wakijua wanachobishania.

Hicho ndicho ninachokiomba. Serikali inapotaka kukopa au kupokea ruzuku ya elimu, masharti yasomwe bungeni kabla ya saini, katika lugha ya wazazi. Najua nyaraka nyingi zimo kwenye tovuti za wafadhili, lakini mwalimu mkuu gani atapitia kurasa mia za Kiingereza cha kihasibu? Na mkataba useme wazi: sharti likiharibu, nani atagharamia kulirekebisha?

Mwalimu mstaafu